Maneno ya Mnadani

Mkewe alikuwa na sheria moja ya nyumba, na ilimhusu mumewe peke yake: maneno ya mnadani yaishie mnadani. Ukishavuka kizingiti, hakuna jero wala buku. Kuna mia tano na kuna elfu moja, kama wanavyosema watu wenye adabu zao. "Nalea watoto hapa," alisema. "Hayo mengine waachie wenzako wa mezani."

Mumewe, ambaye soko zima lilimwita Kengele, alikubali shingo upande. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama juu ya meza ya mitumba akinadi, na pale juu neno pesa lenyewe halikuwa na kazi. Noti ya mia tano ilikuwa jero, ya elfu ilikuwa buku, na ile ya elfu kumi, kubwa kuliko zote, iliitwa nyekundu kwa rangi yake. Mkwanja ni kile unachokimbizana nacho tangu asubuhi. Mshiko ni ule uliokwisha kuingia mkononi. Pesa ya mtu mwingine siku zote ni mpunga, na yako mwenyewe, hata mfuko ukitaka kupasuka, ni vijisenti. Mteja akijitia hana kitu, Kengele alimwinamia kana kwamba anamnong'oneza, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabucha: "Dada, kuna buku imelala humo pochini. Iamshe!" Watu wakacheka, dada naye akacheka, na buku ikaamka.

Asubuhi moja alianguka kutoka pale juu akiwa ameshika koti la mtoto. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na kwa siku tisa hakutoa neno. Siku ya kumi mkewe alikuwa akimnywesha maji kwa kijiko. Kengele akataka kusema ahsante mke wangu. Alikuwa nayo hiyo ahsante, nzima nzima, kichwani. Kilichomtoka ni "Jero! Jero hapa, jero!" kwa sauti ile ile ya sokoni, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

Daktari alieleza kwamba hutokea. Maneno ambayo mtu ameyasema maelfu kwa maelfu ya mara huweza kusalia wakati mengine yote yamefutika. Huenda yakarudi, alisema, huenda yasirudi. Hayakurudi. Nalisema mapema ili msije mkakaa mkingoja, kama alivyongoja mkewe, ambaye tangu siku ile hakuigusia tena ile sheria yake.

Walikuwa na binti mkubwa na wadogo zake wawili. Binti alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, amebakiza mmoja amalize, na ada yote ilikuwa imetoka juu ya ile meza. Kengele alikuwa na jambo moja tu alilojiapia maishani: mtoto huyu hatapanda pale. Vumbi lote alilomeza, na kejeli zote za wateja, vilikuwa kwa ajili hiyo.

Kengele aliporuhusiwa kurudi nyumbani, binti alikuja kumwuguza kwa wiki moja, wiki ikawa tatu. Jioni moja akakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba, nimeandikia chuo kwamba nasimama kidogo. Meza ikikaa tupu mwezi huu, itachukuliwa. Nitanadi mimi."

Kengele alikusanya pumzi yote aliyokuwa nayo. Alitaka kusema hapana, mwanangu, rudi chuoni, hata tukilala njaa. Mishipa ya shingo ikamsimama. "Buku! Chagua mwenyewe, buku! Buku moja, buku!"

Machozi yalimtoka binti kwa furaha. "Mama! Njoo usikie! Ananifundisha!"

Ikawa kila jioni ni somo. Binti anasimama katikati ya chumba na kuita, Kengele anatikisa kichwa kwa hasira. "Sivyo? Nivute mwishoni? Buukuuu?" Alitikisa tena. Kuhusu kile kichwa binti hakuwa na shaka hata kidogo. Alimwambia mama yake kwamba walifundishwa chuoni, mgonjwa wa namna hii 'ndiyo' yake na 'hapana' yake huchanganyika, msimtegemee. Kengele akapiga godoro kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa. Binti akatega sikio, akayachukua yale mapigo, na mwito wake ukakaa sawa.

Mkewe tu ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Asubuhi moja akimwogesha, alisimamisha kitambaa kifuani pake. "Mume wangu, au unamkataza?"

"Jero," alisema Kengele, macho yamemtoka. "Jero, jero, jero."

Mkewe alikichovya kitambaa majini, akakikamua. Chungu kilikuwa tupu, wadogo walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Akaendelea kumwogesha, na hakumwuliza tena.

Sauti ya binti ilikuwa nyembamba, na wiki mbili za kwanza soko lilimpita kama halimwoni. Hapo ndipo alipoazima kiti cha magurudumu, akamsukuma baba yake hadi sokoni, akamweka ubavuni mwa meza. Kengele alipoona mwanawe anapanda, akiweka mguu pale pale alipokuwa akiuweka yeye, alipiga kelele za uchungu. Zilisikika hadi kwenye mabucha. "Kengele karudi!" watu wakaitana, wakaja mbio, wakanunua. Robota lote likaisha kabla ya adhuhuri.

Kisha barua ya chuo ikafika. Asiporudi Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine. Binti aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia chini ya godoro.

Jumamosi hiyo, nguo zilipobaki chache, alitoa kwenye mkoba wake gauni jeupe lenye kola ya buluu, limepigwa pasi. Kengele alilijua. Alilinunua yeye mwenyewe, jipya, dukani, nguo mpya pekee aliyowahi kununua tangu aanze kuuza nguo.

"Gauni la chuo cha uuguzi!" aliita binti, na sauti ikamkatika. "Halijachanika popote! Nani ana buku tatu?"

Hakuna aliyejibu. Moyo wa Kengele ukaruka. Labda hapatakuwa na mnunuzi, labda litarudi nyumbani. Lakini mama mmoja alikuwa tayari anapapasa pochi, na Kengele akaona lazima aseme sasa, kufa na kupona. Usiuze. Neno moja tu. Akalivuta kutoka chini kabisa.

"Nyekundu!" alinguruma. "Nyekundu moja! Nyekundu!"

Umati ukaangua kicheko. Hakuna gauni lililowahi kufika nyekundu juu ya meza ile. Wakasogea walione. Mwanamke mmoja akapanda buku tano, maana mdogo wake alikuwa anaanza chuo hicho hicho. Yule wa pochi akasema saba. Na kadiri mzee alivyozidi kupaza sauti, jasho likimtiririka, ndivyo walivyozidi kupandishiana, mpaka yule mwenye mdogo wake akainyoosha juu, nyekundu yenyewe, mpya.

Binti aliruka chini. Aliiweka noti ile kwenye kiganja kizima cha baba yake, akamkunja vidole kimoja kimoja. "Umeona, baba? Bila wewe ningelitoa kwa buku tatu."

Kengele alimtazama. Alilitafuta jina lake, lile alilompa mwenyewe siku aliyozaliwa. Alihangaika nalo, midomo ikacheza.

"Jero," alisema.

Binti akacheka, akamfuta kidevu kwa upindo wa kanga. "Hiyo si jero, baba. Hiyo ni nyekundu." Kisha akageuka, akapanda tena mezani.