Matanga ya Hela

Odete alikataa kusaini. Fomu ya mkopo ilikuwa mbele yake, na mjini Mtwara humohumo muuzaji wa mashine ya kukoboa mpunga alikuwa ameapa: jioni ikifika hajalipwa, anampa mteja mwingine. Kwao Kitaya, akina mama walikuwa bado wanatwanga kwa mchi. Naye amekaa tu, kifurushi cha mchele mapajani.

"Huu ni wa mwenye hela," alisema. "Niitie nimshukuru."

Fredi, afisa mikopo wa benki, alicheka. "Hela haina mwenyewe, mama."

Odete hakucheka. Utotoni mwake, mjomba Mauricio aliikopesha familia yao mbegu za mpunga, na msimu ule shamba la mjomba likalala bila kupandwa. Wao walishiba, mjomba akakonda. Tangu hapo hakukopa kitu bila kujua ni nani atakayepungukiwa. Wenzake waliuita ukaidi. Laiti wakaidi wa aina hiyo wangekuwa wengi!

Fredi akasogeza kiti. "Sichukui ya mtu nikakupa wewe. Ukisaini, benki inaandika kiasi kwenye akaunti yako. Hiyo ni hela mpya, jana haikuwepo. Hatuandiki ovyo, maana usipolipa hasara ni yetu. Na kila ukirejesha, inafutika."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, inakufa. Riba tu ndiyo inabaki kwetu."

"Kwa hiyo imezaliwa na neno langu?"

"Lako na letu, mama."

Odete alichukua kalamu. Kisha akasaini, herufi moja moja, akarudi Kitaya na mashine yake na mchele wake.

Msimu uliofuata mto Ruvuma ulifurika, mpunga wa kukoboa ukawa haba. Wakopaji wengine walizima simu. Odete aliuza mbuzi wake wote akapeleka rejesho, kwa sababu neno lililozaa hela lilikuwa lake, na hakutaka liwe la uongo. Moyo wa namna hiyo haununuliki.

Siku ya rejesho la mwisho, Fredi alimgeuzia kompyuta aone deni limekwisha. Odete akafungua kitambaa, akaweka mezani sufuria ya wali na kuku.

"Wa nini tena, mama?"

"Tuanue matanga, mwanangu. Hela yetu imekufa, na haina ndugu ila mimi na wewe."

Fredi akaenda kunawa mikono.