Nilivyoua mbegu ya mzee bwawani

Leo nimepasuliwa kichwa kwa sababu ya mkia wa samaki.

Profesa aliyeniajiri anawasaka sato wa Viktoria, wasije wakaingia ziwa la huku mafuriko yakija, wakawamaliza samaki wake. Tukakausha bwawa la mzee mmoja hapa Mwaya. Profesa akaniagiza: mkia wenye mistari, ua. Usio na mistari ni perege wa hapa, mbegu ya mzee ya kuzalishia, weka kwenye beseni.

Mimi mtu wa Singida, samaki namjua akiwa mkavu!

Mikia ilijaa tope. Sikuosha. Nikampiga rungu kila aliyeruka.

Mke wa mzee akaokota mmoja, akamsuuza. Mkia mtupu, hauna mstari hata mmoja.

"Ndaga fijo, mgeni! Asante sana kwa kutuulia mbegu."

Mzee akaokota mpini wa jembe. Ukanishukia kichwani. Pigo la pili profesa akalikinga kwa mkono wake, nikasikia mfupa ukilia.

Hapo vifaranga wakaanza kutoka mdomoni mwa yule perege aliyekufa. Wazima! Kumbe perege hulea watoto mdomoni.

Mzee akatupa mpini. Wote tukapiga magoti kuwachota kwa viganja, damu yangu ikidondokea kwenye beseni.

Mke wa mzee akanisukuma. "Sogea huko, unawachafulia watoto maji."

Nikasogea. Damu nikaikinga kwa kiganja kimoja, kwa kingine nikaendelea kuchota.