Samaki Watani

Nilipokuwa darasa la tatu niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba samaki wana makabila, na kwamba sato wa Ziwa Viktoria na kambare wa Mto Ruvu ni watani, kwa hiyo hata ukiwatia tangi moja hawawezi kuumana. Watatukanana tu. Habari hiyo aliileta sebuleni kwetu Boko, nje kidogo ya Dar, jirani yetu Mzee Kibwana, fundi bomba, Mzaramo, huku akimega ugali wa baba bila kukaribishwa, kama ilivyo haki ya mtani. Baba yangu ni Msukuma, na Wasukuma na Wazaramo wametaniana tangu enzi ambazo hata babu zao hawakuzikumbuka. Wakubwa wote walicheka. Mimi nikaiweka kichwani pamoja na jedwali la kuzidisha, tofauti yake ni kwamba hii haikunitoka. Na ushahidi nilikuwa nao. Nilishamsikia Mzee Kibwana akimwambia baba, mbele ya mchungaji wa kanisa letu, kwamba Msukuma huyu alikuja Dar kumfuata ng'ombe aliyepotea, na baba akamjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma mtaa wa tatu huliacha bomba linamwagika. Mtu mwingine angesema hayo pangechimbika. Wao wakanywa chai kikombe kimoja.

Masika kama ile ya mwaka ule sijaiona tena. Nakuambia, ilinyesha mpaka vyura wakawa wanabisha hodi waingie ndani. Shule ilikuwa imefungwa, na mimi nilishinda nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, baridi yake ikinipanda tumboni, nikilitazama tangi la kioo ambalo baba alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya dirisha la duka lililovunjwa. Kwa macho yangu ya wakati ule lilikuwa refu kama basi la Mwanza. Pampu ya hewa ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba, mapovu yakapanda, na mwanga wa kijani ukacheza darini hata nikawa sijui kama niko juu ya maji au chini yake. Humo ndani aliishi Chifu, sato dume aliyeletwa na baba mdogo kutoka Mwanza akiwa mdogo kama kidole, ndani ya dumu la maji. Wenzake wote waliishia njiani. Alikuwa na koo jekundu na hasira za mwenye nyumba. Alichimba shimo kwenye mchanga akalilinda, na ukiweka kidole kwenye kioo alikuja mbio kukipiga kichwa. Baba, kabla ya kwenda ofisini alikokuwa karani, aliinama akamsalimia Kisukuma, "Mwangaluka." Hakuwa mtu wa kucheka. Katika mtaa mzima, ukimsikia anacheka, ujue Mzee Kibwana yupo.

Siku moja mvua ilibomoa bwawa la saruji ambalo Mzee Kibwana alikuwa akifugia kambare nyuma ya nyumba yake. Kambare wakatoka barabarani wakitembea kwa mapezi kama watu waendao sokoni, na watoto wa Boko nzima tukawafukuza kwa ndoo na vyandarua. Walioliwa jioni hiyo hawana idadi. Akabaki mmoja, mkubwa kuliko wote, mrefu kama mguu wangu, mwenye sharubu nane na uso wa mtu anayekumbuka jambo. Mzee Kibwana alimleta kwetu ndani ya karai, amelowa chapachapa.

"Msukuma, nihifadhie Sharubu wangu mpaka nijenge upya."

"Atamla Chifu."

"Watani hao! Atamlaje?"

Baba alicheka, lakini alikata kioo kingine akakisimamisha katikati ya tangi, huku Chifu, huku Sharubu. Akanigeukia. "Hiki kisiguswe."

Kwa wiki mbili niliwatazama. Chifu alikipiga kile kioo kichwa siku nzima. Sharubu alipanda juu kuvuta hewa, akashuka kama moshi unaorudi jikoni, akaegemeza sharubu zake pale pale alipo mwenzake. Mimi nikaona huruma. Niliona watu wawili wa kutaniana wametiwa ukuta, hawasikii hata matusi yao. Nikaona pia aibu kidogo kwa ajili ya baba, kwamba hakumwamini mtani wake. Basi alasiri moja, mama akiwa jikoni na mvua ikipiga bati mpaka huwezi kusikia mawazo yako, nikapanda kigoda, nikakivuta kile kioo taratibu.

Mwanzo ilikuwa kama ndoto. Walizungukana polepole, mkubwa kwa mkubwa, na nikaapa moyoni kwamba wanasalimiana. Kisha Chifu akaruka kulinda shimo lake, akamuuma mwenzake shavuni. Maji yakachafuka yakawa uji. Nikaingiza mkono kuwaachanisha, mwiba wa pezi la Sharubu ukanichoma kiganjani, nikapiga yowe ambalo naamini lilisikika mpaka mtaa wa Wazo. Mama alipofika na mwiko mkononi, mchanga ulikuwa unatua. Sharubu alikuwa amelala kwenye shimo la Chifu. Chifu alielea ubavu, mkia hana.

Baba aliporudi hakunipiga. Aliniuliza tu kwa nini. Nikamjibu ukweli: "Mzee Kibwana kasema hawaumani." Kesho yake Mzee Kibwana akaja na maneno yake ya kawaida, akilia kilio cha uongo, kama watani wafanyavyo msibani, kwamba mtani wake amekufa na pilau liko wapi. Baba akasema, "Mtoto kakuamini wewe," akaingia chumbani, akafunga mlango. Sijawahi kuusikia mlango mzito namna ile. Siku tano Mzee Kibwana hakuja. Ugali ukawa unabaki. Nilikaa sakafuni nikiwaza kwamba mimi, kwa mkono wangu mmoja, nimeua samaki na nimeua kicheko cha baba, na cha pili ndicho kilichonikosesha usingizi.

Siku ya sita, Jumapili mchana, alikuja na sufuria kichwani. Alikuwa amepitia dirishani kwetu asubuhi, mama akamtoa Sharubu tangini akampa bila kuuliza. Sasa akalitua mezani, akafunua, harufu ya nazi na ndimu ikajaa sebule nzima.

"Nimekuletea muuaji," akasema.

Baba aliinama juu ya sufuria. "Umemtia chumvi nyingi. Mzaramo hata kupika hajui."

"Hujaonja, utajuaje?"

Baba akaonja. Wakaanza kucheka, kwanza pua, kisha mabega, kisha nyumba.

Siku hizi baba amestaafu, karudi Mwanza. Mie nimebaki Boko, nina tangi la dukani lenye taa ya buluu, na samaki wawili wa kigeni, oska, niliowatenga kwa ubao, hawajawahi kuonana. Jirani yangu sijui ni kabila gani, naye hajui langu; tukikutana getini tunasalimiana kwa uangalifu, kama watu waliobeba mayai. Nimesoma shule ya jioni nikiwa na ndevu, nikafaulu hata baiolojia, lakini pembe moja ya kichwa changu iliendelea kuamini kwamba Chifu alivuka mpaka wa utani. Mwezi uliopita nikaenda kwa Mzee Kibwana, nikamwamkia, nikamuuliza Chifu alitukana tusi gani.

Akataka kucheka, akaona sitanii.

"Samaki hawana utani, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nachangamsha watu tu. Na baba yako zile siku hakuwa ananitania. Alikasirika kweli, na mie niliogopa kweli. Sharubu nilimpenda. Sikuwa na kingine cha kumpelekea."