Udongo wa Juu ya Mwamba

Nilifika Mwanza siku ya saba tangu niondoke Masasi. Siku nne zililiwa na barabara ya kusini, ambako basi lilikwama kwenye tope na sisi abiria tukawa tunashuka kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Moja niliimaliza kituoni Dar es Salaam, kichwa juu ya begi. Mbili zilizobaki zilikuwa za treni. Nilitoka nchi ya mchanga na mikorosho, unakochimba mpaka kwapani bila kugonga jiwe. Treni ilipoanza kupita katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba, na juu ya mawe hayo nikaona nyumba, na kwenye kamba za nyumba hizo nguo zikianikwa, nilisimama dirishani nikasahau kukusanya mizigo yangu.

Nilifuata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Rafiki niliyesoma naye sekondari ndiye aliyeniahidi, nami nilimkuta yeye mwenyewe amepunguzwa kazini, anauza viatu vya mitumba. Miaka ile kila mtu alikuwa amepunguzwa mahali fulani na kila mtu alikuwa anauza kitu. Mimi sikuwa na cha kuuza. Basi nilipoona tangazo ukutani mwa ofisi ya kata, kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea wafundishwe bustani ili wakafundishe majirani, nilikwenda. Sitaficha: nilisikia asubuhi kuna chai na mihogo.

Aliyetufundisha alikuwa bibi shamba mmoja mfupi, mwenye mabuti ya mvua hata siku za jua. Siku ya kwanza hakutuandikisha chochote. Alitupeleka kwenye lundo la majani, majivu, samadi na yale magugu maji yaliyokuwa yakivamia ziwa, akafukua ubavuni na kutuambia tuingize mikono. Ndani kulikuwa na moto kama ugali uliotoka kuepuliwa. Nilitoa mkono wangu nikautazama. Sikujua kwamba majani yaliyokufa yanaweza kufanya vile bila kiberiti.

Kila mwanafunzi alipewa kaya moja ya kufundisha. Mtihani, alisema bibi shamba, ungekuwa swali moja, na angeulizwa mwenye kaya, si sisi: je, huyu mtu mnamtaka tena? Akijibiwa hapana, safari yako ya ualimu imeishia hapo.

Kaya yangu ilikuwa ya mama mmoja mjane, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeishi juu kabisa ya mawe ya Kirumba. Nilipanda na daftari langu, nikafika nahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu umekuja mikono mitupu?"

Nilidhani anataka zawadi. Akanionyesha chini, pale njia inapoanza, nami nikaona kitu nilichokipita bila kukitazama: rundo la udongo, na pembeni yake beseni kuukuu na makopo. Hakuna aliyepanda kwake bila kubeba. Shemeji zake walibeba, katekista alibeba, hata mtu aliyekuja kumdai kitu alibeba kwanza. Alinieleza kwamba kwao kisiwani ardhi ni ndogo na watu ni wengi, mtu haachi hata mahali pa kulaza mbuzi bila kupalilia. Alipohamia mjini akapewa mwamba mtupu, akaona ni shamba ambalo udongo wake haujafika. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tuta refu lililozungushiwa mawe, mchicha umesimama. Nilipiga goti nikaingiza kidole. Kilizama chote. Chini ya udongo ule kulikuwa na jiwe tu, na kila chembe ilikuwa imepanda kichwani mwa mtu.

Na mimi ndiye niliyeumwaga.

Bibi shamba alikuwa ametuonya kwamba taka za samaki hulazwa kwanza kwenye lundo mpaka zisinuke. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nilikwenda soko la samaki la Mwaloni nikaomba mabaki ya dagaa yaliyofagiwa, nikabeba gunia zima, nikayafukia mabichi chini ya miche ya mboga ya chainizi. Usiku mbwa wa mtaa mzima walipanda. Walifukua tuta, wakabomoa ukingo wa mawe, na alfajiri mvua ikashuka. Nilipofika, mwamba ulikuwa umeoshwa, unang'aa kama sahani.

Mama alikuwa amesimama na ufagio.

"Mwalimu," alisema, "umewafundisha mbwa kulima."

Nilirudi nikafunga begi. Rafiki yangu aliniuliza kama kweli nahama mji kwa sababu ya mchicha. Kesho yake nilikuwa chini ya yale mawe, beseni kichwani.

Nilibeba mpaka vuli ikaisha. Mama alinielekeza kwenye zizi la zamani la ng'ombe, lililoachwa, nikawa nachimba huko na kupandisha. Shingo ilikakamaa, kisha ikazoea. Tuta lilipofika kina cha kiwiko hatukuwa bado tumepanda kitu, lakini asubuhi moja lilikuwa la kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mgagani, ile mboga chungu ya kienyeji. Mbegu zilikuwa zimelala zizini miaka sijui mingapi, chini ya kwato, zikanisubiri nizipandishe mlimani. Nilikaa juu ya jiwe, ziwa lote likiwa chini yangu, na sikulitazama ziwa.

Bibi shamba alikuja na mabuti yake, kopo la udongo mkononi, akauliza swali lake. Mama alichuma jani la mgagani, akalitafuna.

"Kulima sijui kama anajua," alisema. "Lakini ukimwambia beba, anabeba. Mnipe huyuhuyu."

Nilifundisha kaya za mawe yale miaka mitatu. Kisha miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari, kama ilivyo kawaida yake, nikapata tikiti ya treni. Asubuhi ya kuondoka nilipitia kumuaga mama, begi begani, saa ikinikimbiza. Pale chini nilisimama. Nikaweka begi juu ya jiwe, nikajaza beseni, nikapanda.

Treni ilipotoka mjini nilikuwa bado nafuta udongo shingoni.