Mtu Wake wa Karibu

Idara ya maliasili ya jimbo inawatangazia wote kwamba, katika msimu wa kuwinda kulungu, kila aingiaye msitu wa umma avae rangi ya chungwa kali, tena amweleze mtu wake wa karibu anakokwenda na saa atakayorudi. Dereva mstaafu wa basi la shule hutii yote mawili. Hawindi, hutembea tu. Kila asubuhi huingia dukani anakohudumu Verna, panapouzwa kahawa na risasi, kizibao chake cha rangi hiyo kimefungwa vifungo vyote mpaka kooni, akashika kikombe kwa mikono miwili kama usukani. "Leo napita njia ya daraja la mbao," humwambia, kwa sauti ileile iliyokuwa ikituliza watoto wa viti vya nyuma. "Saa kumi nitakuwa nimetoka." Kisha husubiri ajibiwe.

Jumamosi foleni ya wawindaji ilifika mlangoni, na Verna akaitikia "haya, haya" bila kuinua macho. Mzee hakubanduka.

"Dereva, ondoa basi, unatuzibia njia!" mmoja akapiga kelele, wenzake wakacheka.

"Kaa kitini, Duane," mzee akasema bila kugeuka. Kisha akamuuliza Verna, "Nimesema saa ngapi?"

"Saa kumi, mzee wangu. Njia ya daraja. Usipotoka nawapigia simu walinzi wa msitu."

Mabega yakamshuka. Akaaga kila mtu, akatoka.

Zamu ya Verna huisha saa nane mchana. Hajapata nafasi ya kumwambia mzee hilo.