Mtaalamu wa Kuanguka kwa Benki

Mimi ni daktari wa uchumi; kazi yangu ni kutafiti jinsi benki inavyoweza kuanguka bila watu kuingiwa na hofu. Juzi, nikingoja kuwafunza wafanyakazi wa benki ninakoweka pesa zangu hapa Eldoret, nilisimama ukumbini kati ya wateja nikafanya mazoezi ya somo langu kwa sauti, simu sikioni nionekane mtu wa maana: "Benki ikianguka Ijumaa, wateja tutawaambia Jumatatu."

Mama mmoja wa Sugoi, aliyekuja kuweka pesa za mahindi, akafunga mkoba na kumnong'oneza aliyekuwa karibu naye. Punde laini ya kutoa pesa ikafika mlangoni. Nikashtuka. Kwani hawa wamesikia nini? Nami nikajiunga mbio.

Meneja akatoka, akaniona. "Daktari, uvumi huu umetoka wapi?"

"Si ni huyu!" Mama akadakia. "Na unaona, hata yeye anatoa zake."