Silinda ya Zamani

Nilifundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza Tanga, kisha hapa Toronto katika madarasa ya jioni ya watu wazima. Wanafunzi wangu waliruhusiwa kuniambia lolote isipokuwa neno moja: "wanasema." Aliyelitamka alisimama mpaka aeleze nani amesema, amepima kwa kifaa gani, na yeye mwenyewe ameona nini. Wengi walisimama hadi muda wa kipindi ukaisha. Nilijivunia desturi hiyo. Sasa lipo gari chini ya turubai katika gereji ya nyumba yangu Agincourt, na kila ninapoingia kuchukua koleo la theluji, huligeuzia mgongo.

Ni gari la Kimarekani, la milango miwili, limetengenezwa kabla sijaoa, na injini yake ya silinda nane ikiwashwa vyombo vya jikoni hutetemeka. Nililinunua baada ya kustaafu, kutoka kwa jirani mjane aliyekuwa akiihama nyumba. Mke wangu alilizunguka mara moja, akaguna.

"Mzee mzima, gari la wahuni," alisema.

Nilimpeleka nalo dukani na kumrudisha, na hapo akapata sababu iliyo bora kuliko wahuni. Kwenye taa nyekundu gari lilisita kusimama, kisha likavuta upande wa kushoto kama punda aliyeona nyasi. Breki zake zote nne zilikuwa za ngoma, yaani vipande viwili vinavyotanuka ndani ya bakuli la chuma na kulikwaruza kwa ndani. Waliolitengeneza walilipa nguvu za lori na breki za baiskeli. Mke wangu akaweka sharti: hatakanyaga ndani yake mpaka breki zibadilishwe. Niliagiza seti ya breki za diski, ambazo pedi zake hubana sahani ya chuma kutoka nje, kwa magurudumu ya mbele, nikamwita mkwe wangu.

Mkwe wangu ni mume wa binti yetu wa pekee. Kabla ya kuja Kanada alikuwa fundi wa magari Mwanza kwa miaka kumi na miwili. Huku vyeti vyake havikuheshimiwa, akawa anabadilisha matairi katika duka la mtu mwingine, na siku zake za mapumziko akitengeneza magari ya watu wa kwetu, moja moja. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye jengo moja Scarborough kuhusu chumba cha gereji cha kutosha magari mawili. Wateja wa kuanzia wangetoka kwenye ukumbi wa kanisa, tunakokula pamoja baada ya misa ya Kiswahili. Madereva wa teksi sita au saba walikuwa wamemwahidi. Mtaji wake mwingine ulikuwa jina lake tu.

Tulianza Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimepanga kila kitu juu ya meza kwa utaratibu: diski mbili, vibanio vyake, pedi, mabomba ya mpira. Pembeni niliiweka silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki mguu unapokanyaga. Ilikuwa ileile ya zamani. Nilikuwa nimeifungua, nikaisafisha, nikaitia mipira mipya. Ilikuwa na alama ya kiwandani na nilitaka ibaki mahali pake.

Mkwe wangu aliitazama kwa muda mrefu. Akaanza kuifuta mikono yake, ambayo bado haikuwa na uchafu wowote.

"Baba," alisema, "nasikia mafundi wa huku wanasema masta silinda ya breki za ngoma haielewani na diski."

"Wanasema akina nani?"

"Mafundi, baba."

"Yupi? Amepima?"

Alicheka kidogo, akatazama sakafu. "Wanasema tu, baba."

"Basi hatutamfungia mama yako breki za wanasema. Kimiminika kikisukumwa husukuma sawasawa kila upande. Hakiulizi kama mbele yake ipo ngoma au diski."

"Sawa, baba."

Akachukua spana, akaingia kazini. Na ni haki niseme kwamba sijapata kuona mikono inayofanya kazi kwa adabu kama ile. Alifungua nati zilizoshikana kwa kutu bila kuvunja hata moja. Kila aliyoifunga aliigusa mara ya pili.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutoa hewa kwenye mabomba, maana ikibaki breki hazishiki, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye usukani akakanyaga. Mwingine hulala penye gurudumu, akafungua kijinati, mafuta yatoke na mapovu yake, akafunga. Magoti yangu hayalali tena sakafuni, kwa hiyo mimi nilikanyaga, naye akaamuru. Lakini mkwe atamwamuruje baba wa mke wake?

"Kanyaga, baba. Samahani. Shikilia... Achia sasa, baba. Samahani."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Miaka arobaini nimeomba Mungu alete mtu wa kumwamuru huyu," alisema. "Leo kaja, na yeye anaomba samahani!"

"Mama, usinichekeshe, mafuta yatanimwagikia machoni."

Tulicheka wote watatu. Naandika hilo kwa sababu hatujacheka hivyo tena.

Niliendesha kuzunguka mitaa minne. Pedeli ilikuwa ngumu, gari lilisimama palepale nilipotaka. Tuliporudi, mkwe wangu aliinama, akaweka kiganja karibu na gurudumu la mbele, akakiondoa upesi.

"Lina moto kidogo, baba."

"Breki ni kifaa cha kugeuza mwendo kuwa joto," nilimwambia. "Lisipopata moto ndipo uogope."

"Ndiyo, baba. Labda kwa sasa lisiende mbali."

Nilikuwa nimekwisha kwenda kumwita mke wangu aje aone.

Jumapili ya pili baada ya hapo tulitoka kwenda kula kwa binti yetu Thorncliffe Park. Mke wangu alikaa mbele, amevaa gauni lake la kanisani, sufuria ya wali wa nazi mapajani. Magari yalikuwa mengi njiani, tukasimama na kuondoka, tukasimama na kuondoka. Niligundua kwamba gari lilikuwa zito, kana kwamba linavuta kitu. Kisha nikasikia harufu ya kuungua. Mke wangu akaniuliza kama ni ya kwetu, nikamwambia ni ya lori lililo mbele. Barabara ilipoanza kuteremka bondeni nilikanyaga breki, na mguu wangu ukaenda hadi chini bila kukutana na kitu chochote.

Breki ya mkono ilipunguza mwendo, ukuta wa zege wa kando ukamaliza kazi iliyobaki. Hakuna mwingine aliyeguswa. Mkanda wa gari la zamani hufunga kiuno tu; mke wangu alirushwa mbele, akajikinga kwa mkono, na kifundo cha mkono huo kikavunjika. Alikaa amejaa wali, ananitazama.

Wiki iliyofuata tulikuwa ukumbini, mkono wake ukiwa ndani ya plasta, watu wametuzunguka.

"Mwalimu," aliuliza mmoja wa wale madereva wa teksi, "breki si ndiyo kwanza mmezifunga?"

"Ndiyo."

"Alizifunga nani?"

"Tulifunga pamoja," nilisema. "Hewa alitoa mkwe wangu."

Kila neno lilikuwa kweli. Ningeweza kuapa kwa hayo mbele ya hakimu yeyote. Mkwe wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, amebeba trei ya soda. Alisikia. Aliuliza ni nani hajapata kinywaji.

Maneno yangu sita yalitoka ukumbini siku ileile. Kabla ya mwezi kuisha yalikuwa yamefika mtaa wa Crescent Town yakiwa na miguu na mikono: kwamba breki zake huwa na hewa, kwamba hata Mwanza alifukuzwa, kwamba alikuwa amelewa. Mtu asiyegusa hata bia! Madereva wale wakapata fundi mwingine. Mwenye jengo akasubiri, kisha akampa chumba muuza mazulia. Mimi niliyasikia yote hayo na nikasema, kama kawaida yangu, kwamba sijishughulishi na uvumi.

Walipoamua kuhamia jimbo la Alberta, mbali magharibi, ambako alipata kazi ya kuendesha lori, binti yetu alikuja kutuaga peke yake. Kwa kawaida mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Ile silinda, baba. Alijua."

"Kama alijua, kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia. Alikuambia kwa heshima. Ulitaka akuambie vipi, akupige kofi?"

Nilimwuliza ushahidi uko wapi. Alichukua koti lake, akambusu mama yake mkono wenye plasta, akaondoka.

Nililifungua gari majira hayo ya baridi, nikiwa na hita miguuni, na sitaficha nilichokuwa nakitafuta. Nilitafuta kijinati kilicholegea. Nilitafuta uvujaji, nati iliyosahauliwa, uzembe wowote wenye alama ya kidole chake. Vijinati vyote vilikuwa vimekazwa sawasawa. Hapakuwa na tone lililovuja. Lakini pedi za mbele zilikuwa zimeungua kama mkaa na diski zimegeuka rangi ya buluu. Zilikuwa zimeshikwa wakati wote, hata mguu wangu ulipokuwa umeiachia pedeli.

Ndipo nikaifungua silinda ya zamani kwenye tundu la kutolea mafuta, mahali ambapo nilipoisafisha sikupafikia. Ndani yake mlikuwa na vali ndogo, haizidi punje ya hindi. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasirudi yote, ili shinikizo kidogo libaki kwenye mabomba. Breki za ngoma hulihitaji, nazo zina springi za kulishinda. Diski hazina springi. Shinikizo dogo lile liliendelea kuzibana pedi, pedi zikachemsha mafuta, na mafuta yaliyochemka hujaa mvuke, hayasukumi kitu. Ni fizikia ya kidato cha tatu. Fundi wa Mwanza aliijua kwa mikono, akanieleza kwa namna pekee ambayo mkwe anaweza kumweleza mzee wake, yaani kwa kuitwika midomo ya watu wengine ili isiwe yeye anayenikosoa. Nami nikamwuliza majina ya watu hao.

Nilikwenda ukumbini na vali ile ndani ya kitambaa. Nilisimama kabla ya chakula, nikaomba kimya, nikaeleza hatua kwa hatua, nikaipitisha mkononi mwa kila mmoja. Nilisema: kosa ni langu, fundi alinionya mara mbili. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Yule dereva wa teksi akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Mwalimu una moyo," alisema. "Mkwe ni mtoto, lazima umsitiri."

Meza nzima ikakubali kwa vichwa. Nilikuwa na chuma mkononi, wao walikuwa na wanasema, na wakaenda kupakua pilau.

Jioni hiyo nilimpigia simu mkwe wangu. Nilimweleza nilichokiona, na nilichokisema, na jinsi kilivyopokewa. Nikamwambia, "Nataka unitamkie mwenyewe kwamba nilikosea. Nakuruhusu. Nakuomba."

Nilisikia injini ya lori lake ikinguruma mahali palipoegeshwa.

"Baba," alisema hatimaye, kwa sauti ileile ya gereji, "nasikia huko mmepata theluji nyingi mwaka huu."

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni nyingi. Akaniuliza mkono wa mama unaendeleaje.